Magurudumu Yaliyoshuka Usangu

Siku tulipokabidhi mikokoteni ya kwanza pale Igawa tulikuwepo hawa: Fundi Chaula, seremala wa Nyololo aliyenifundisha kazi, Mzee Asajile, mhunzi wa Mbeya mjini, Bwana Mlowe, meneja wa karakana zote mbili, Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake, pamoja na binti yake Kabula, na mimi, Alatanga. Walikuwepo pia madereva wa malori ya Zambia walioacha vikombe vya chai wakaja kutazama, lakini hao sikuwajua majina. Nawataja wenzangu mmoja mmoja kwa sababu vijana mnaoingia kazini sasa mnapita Igawa kwenye basi, mnaona msingi wa banda uliomea nyasi, mnadhani pale hapakuwahi kuwa na watu.

Nimestaafu kazi ya karakana mwezi uliopita. Kwenye sherehe ya kuniaga mlinipa kiti cha kupumzikia na blanketi, mkaniomba niseme machache. Nilisema asanteni, nikakaa. Kiti ni kizuri, ila mguu mmoja umeshikwa na gundi peke yake, aliyekitengeneza anajijua. Haya ninayoandika ni yale niliyoshindwa kuyasema siku ile. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala mshahara wangu ulikuwaje, maana hayo hayamfundishi mtu kushika randa. Nitaandika habari za miaka ya sabini tu. Ndiyo iliyonifundisha kazi, na ndiyo iliyonivunja moyo. Miaka iliyofuata nilikuwa naenda kazini.

Nilizaliwa jirani na Nyololo, kwenye baridi na ukungu. Baba alifariki, na mama akamfuata kabla hatujazoea kumwita baba marehemu. Nilikuwa darasa la sita, mkubwa kati ya watoto wanne. Mjomba alikuja akasema tugawanywe, kila mtoto aende kwa ndugu wa kumlea.

"Hatugawanyiki," nikamwambia.

"Mtakula nini?"

Nikarudia kwamba hatugawanyiki, nikarudia tena, mpaka mjomba akachoka, akavaa koti lake akaondoka. Kesho yake sikwenda shule. Nilikwenda kwa Fundi Chaula.

Chaula alikuwa Mkinga, mtu mfupi mwenye kikohozi kisichopona, aliyekuwa na karakana ya mbao kando ya barabara kuu. Alinipa patasi na jiwe la kunolea.

"Fundi, nikimaliza kunoa nifanye nini?"

"Hutamaliza," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Kweli sikumaliza. Nilinoa patasi, nikanoa tezo, nikanoa meno ya msumeno mpaka vidole vikafa ganzi, na jioni akanipa unga wa kutosha wadogo zangu. Hakunipa kwa huruma. Alipima unga ule kwa kazi niliyofanya, na siku niliyoharibu patasi alipunguza. Nilimpenda kwa hilo. Watu wengine wote walikuwa wananihurumia, na huruma yao ilikuwa inaisha mapema.

Nilipokuwa kijana kamili, mwenye ndevu chache za kujivunia, ndipo ulipokuja mpango wa mikoa miwili. Wakubwa wa Iringa na wakubwa wa Mbeya walikaa kikao wakakubaliana kufanya kazi pamoja. Sisi upande wa Iringa tulikuwa na miti: mikaratusi na misindano ya Mufindi, milima kwa milima. Mbeya walikuwa na wahunzi, na walikuwa na vyuma, kwa sababu malori ya Zambia yalikuwa yanakufa kwenye miteremko yao kila wiki. Katikati yetu, chini bondeni, kulikuwa na Usangu na mpunga wake. Mpunga ulikuwa unalimwa mwingi lakini haukufika barabarani. Ulibebwa kichwani na juu ya punda, na uliobaki ukaliwa na panya. Mpango ulikuwa huu: Nyololo watengeneze gurudumu la mti na bodi, Mbeya watengeneze ekseli na pete ya chuma, viunganishwe Igawa, na mikokoteni iuzwe kwa wakulima. Mpunga ungefika barabarani, wafanyabiashara wa Iringa na Mbeya wangeununua palepale, na mahindi, viazi na majembe vingeshuka bondeni kwa mikokoteni ileile. Kila upande ungepata kwa mwenzake kile ulichokosa.

Hata leo nikiuwaza mpango ule sioni ulikokosewa. Hilo ndilo linaloniumiza. Ungekuwa mpango wa kijinga ningeshausahau.

Bwana Mlowe aliwekwa kuwa meneja. Alikuwa Mhehe msomi, mpole, aliyependa kutembea na mwavuli hata kiangazi. Alikuja Nyololo akamwambia Fundi Chaula kwamba tangu siku ile karakana yake ni sehemu ya mpango. Chaula akakohoa akauliza kama mpango una dawa ya kifua. Bwana Mlowe akasema atauliza. Nadhani aliuliza kweli. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Mara ya kwanza wazee wangu wawili kukutana ilikuwa Igawa, chini ya banda jipya la mabati. Mzee Asajile alishuka kwenye lori akiwa amekaa juu ya pete zake za chuma kama kuku anayeatamia. Alikuwa mkubwa wa mwili, Mnyakyusa wa Rungwe, mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche.

"Kamwene, fundi," alimsalimu Chaula kwa salamu ya kwetu, kwa heshima kubwa. Halafu akaokota gurudumu letu, akaligeuza, akaligonga. "Hili mmelitengeneza wenyewe au mmeokota?"

"Tumeokota," akasema Chaula. "Lilikuwa limelala karibu na pete iliyopinda. Hiyo ya kwako nadhani."

Asajile akacheka mpaka akashika nguzo ya banda. Tangu siku ile hawakuachana. Walikuwa wanatukanana asubuhi mpaka jioni, na ukimkuta mmoja peke yake hafanyi kazi vizuri.

Niwaeleze jinsi gurudumu lilivyotengenezwa, kwa kuwa hakuna tena anayelitengeneza. Katikati kuna kitovu, gogo fupi lililotobolewa kupitisha ekseli. Kwenye kitovu zinachomekwa spoki za mkaratusi, na juu ya spoki unapanga vipande vya mbao vilivyopinda mpaka vinakutana na kuwa duara. Hakuna msumari. Kinacholishika gurudumu lote ni pete ya chuma. Mhunzi anaitengeneza ndogo kidogo kuliko duara la mti, anaizungushia moto mpaka inakuwa nyekundu na kutanuka, kisha watu watatu wanaibeba kwa koleo na kuiangusha juu ya gurudumu. Mti unawaka. Hapo mnamwaga maji haraka, chuma kinajikunja, na gurudumu zima linalia, kwaa, kila kiungo kikijibana na mwenzake. Ukisikia mlio ule hutatamani mwingine.

"Gwe, wewe mla viazi!" Asajile alinifokea siku ya kwanza, pete ikiwa bado juu na mimi nachelewa kuiachia. "Shusha! Unamwogopa nani, mkwe wako?"

Nikashusha. Gurudumu likalia. Chaula alinitazama akaitikia kwa kichwa mara moja, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake.

Mzee Masanja alitujia mwenyewe. Kwao Usukumani mikokoteni ilikuwepo tangu utoto wake, na bondeni Usangu alikuwa anaikosa kama mtu anavyokosa chumvi. Alikuwa mrefu, mkimya, anayesikiliza huku ameinamisha kichwa. Alileta maksai wake wawili waliofundishwa jembe, akasema tuwatumie kujaribia mikokoteni mpaka turidhike. Mmoja aliitwa Mabula, mwekundu, mwenye pembe zilizofunguka kama mikono ya mtu anayekukaribisha. Mwingine alikuwa mweusi asiye na jina. Kabula alituambia kwamba baba yake alisema huyo hastahili jina mpaka aache uvivu.

Tulijaribu. Mkokoteni ulipita kwenye mawe, ukapita kwenye matope, ukabeba magunia mpaka nikamwonea Mabula huruma. Magurudumu hayakutikisika. Masanja alipitisha kiganja kwenye ukingo wa gurudumu, akasema, "Hii ni kazi." Akarudi kwao, na huko aliwakusanya majirani, Wasukuma wenzake na Wasangu, akawaambia walime zaidi msimu ule, kwa sababu mikokoteni imepatikana na amewaona mafundi kwa macho yake. Wengi hawakutujua sisi. Walimjua Masanja. Walipanua majaruba yao ya mpunga kwa neno lake.

Hivyo ndivyo tulivyofika siku ile niliyoanza nayo. Ilikuwa mwisho wa masika, nyasi bado za kijani. Bwana Mlowe alitoa hotuba fupi kuhusu mikoa miwili kushikana mikono, akausahau mwavuli wake juu ya mkokoteni wa pili, ukaenda nao Usangu. Kabula alipanda mkokoteni wa mbele, akashika fimbo, akawaswaga Mabula na mweusi yule akiwa amesimama wima kama dereva wa lori. Madereva walimpigia honi. Asajile alimwambia Chaula, "Unaona? Vyuma vya Mbeya vinavyobeba takataka za Iringa." Chaula alikuwa anafuta macho, akasema ni vumbi, na barabara ilikuwa bado na unyevu.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Mpunga ulianza kufika Igawa. Wachuuzi kutoka Makambako na Mbeya walijenga vibanda, akina mama wakafungua migahawa ya wali na maharage, na viazi vya kwetu vikashuka bondeni ambako watu walikuwa hawajavizoea, wakavipika kama mihogo. Niliweza kumrudisha mdogo wangu Oliva shuleni. Nilifikiri maisha yamekaa sawa. Nilikuwa kijana, na sikuwa nimewahi kuona jambo likikaa sawa, kwa hiyo sikujua kwamba huwa haliagi linapoondoka.

Kiangazi kiliposhika, upepo wa Usangu ukaanza. Sisi wa Nyololo hatuujui upepo ule. Kwetu kiangazi ni baridi na ukungu wa asubuhi. Nguo unaianika siku mbili. Bondeni nguo inakauka ukiwa bado unatafuta pa kuitundika. Habari ya kwanza ilikuwa kwamba mikokoteni imeanza kupiga kelele. Ya pili ilikuwa kwamba spoki zinacheza. Wakulima walifanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: jioni waliiegesha mikokoteni kwenye mifereji ya mpunga, magurudumu ndani ya maji, ili mti uvimbe. Masanja mwenyewe aliwaonyesha, ndivyo walivyofanya kwao. Na asubuhi magurudumu yalikuwa yamekaza. Lakini mkaratusi wetu ukivimba ndani ya pete ya chuma hauna pa kwenda, unajiponda wenyewe, na ukikauka tena unakuwa mwembamba kuliko jana. Kila walipoyaponya magurudumu waliyazidishia ugonjwa. Hilo hatukulijua sisi, hawakulijua wao, wala Asajile. Kila mtu alikuwa anafanya sawasawa, kwa namna ya kwao.

Chaula na mimi tulishuka kwenda kuona. Tuliukuta msafara wa Masanja ukiwa njiani kuja barabarani, umejaa mpunga, na tukatembea nyuma yake tukisikiliza magurudumu. Yalikuwa yanalia kama mlango mbovu.

"Fundi, unaonaje?" nikauliza.

"Nyamaza nisikie," akasema.

Kwenye korongo dogo, mahali ambapo njia inainama upande, pete ya gurudumu la kushoto ilitoka. Haikupasuka. Ilitoka nzima, ikabingirika peke yake kuteremka korongoni, ikalala. Gurudumu likafunguka kama ua, spoki huku na mbao huku, na mkokoteni ukapindukia upande wa Mabula na magunia yote. Nilisikia mfupa.

Masanja alifika kabla yetu. Alipiga magoti, akashika mguu wa mbele wa yule maksai, akauachia. Alimwambia Kabula asogee. Hakusogea. Akachukua kisu akamaliza kazi mwenyewe, taratibu, akisema naye Kisukuma kama mtu anayembembeleza mtoto. Majirani waliokuwa kwenye mikokoteni ya nyuma walishuka, wakasimama. Mmoja, Msangu mwenye kofia ya sufu, alisema kwa sauti ya kusikika:

"Masanja, ulituambia umewaona kwa macho yako."

"Niliwaona," akasema Masanja.

"Sasa tuwafanye nini?"

"Wapeni nyama. Wametembea toka asubuhi."

Tulipewa nyama. Chaula hakuweza kula. Nikamwambia Masanja, kwa kuwa ilikuwa lazima mtu aseme neno, "Mzee, tutalipa."

"Mtalipa," akasema. "Ng'ombe mtalipa baadaye. Kwanza leteni magurudumu. Hawa watu mpunga wao uko shambani kwa sababu yangu."

Sikusema vile kwa niaba ya karakana wala ya mkoa. Nilisema kama nilivyomwambia mjomba, kwa sababu sikuwa na neno lingine la kusema.

Wakubwa waliunda tume. Kwa haki, gurudumu lilitakiwa kukaguliwa mahali lilipotengenezwa, hivyo yale yaliyolegea yakapakiwa kwenye lori yakapandishwa Nyololo. Tume ilichelewa, kama tume. Magurudumu yalikaa bandani kwetu kwenye ukungu, na waheshimiwa walipofika hatimaye, yalikuwa yamevimba na kukaza. Mjumbe mmoja wa upande wetu aligonga moja kwa kiatu, akasema, "Mbona zima hili?" Mjumbe wa upande wa Mbeya akasema kama mti ni mzima na chuma ni kizima, basi wakulima hawajui kutumia. Chaula alijaribu kueleza, kikohozi kikamkata katikati. Asajile akasimama, akasema kwa sauti iliyojaa banda:

"Waheshimiwa, twendeni nalo Usangu. Mkae nalo huko wiki mbili. Mimi nitawapikia."

Wakacheka. Walidhani anawatania. Kwa kuwa kila mkoa ulitaka kumlinda fundi wake, iliandikwa kwamba mafundi wote wamefanya kazi vizuri. Sijawahi kusifiwa na karatasi iliyonidhuru kama ile.

Hata hivyo tulikuwa tumejua dawa, na Bwana Mlowe alitusikiliza. Dawa ilikuwa mti ukaukie kulekule unakokwenda kufanya kazi. Tulete mbao mbichi Igawa, tuzipange kwa nafasi ili upepo upite katikati, tuziache kiangazi kizima, tuzigeuze, na zikishakunywa upepo wote wa Usangu na kuacha kupungua, ndipo tuchonge magurudumu palepale. Ilichukua vikao vingi. Wa kwetu waliuliza kwa nini mbao za Iringa zilale kwenye ardhi ya Mbeya. Wa Mbeya waliuliza nani atalipia mlinzi wa mali ya Iringa. Bwana Mlowe alikwenda na kurudi, mwavuli mpya mkononi, mpaka wakakubali. Mlinzi nikawa mimi. Niliwaacha wadogo zangu Nyololo chini ya Oliva, nikahamia Igawa.

Nikitazama nyuma, kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote maishani ni kupanga ule mlundo. Kila safu ilikaa juu ya vijiti vya unene mmoja, ncha zilipakwa kinyesi cha ng'ombe zisipasuke, na juu niliweka mawe mbao zisijikunje. Nilikuwa nazigeuza, nazipima kwa kiganja, nazinusa. Mkaratusi mbichi unanuka dawa ya kifua. Siku hadi siku harufu ilipungua, na uzito ukapungua, na mbao zikaanza kutoa mlio mwembamba ukizigonga. Masanja alikuwa anapita kila anapokuja barabarani. Aligonga ubao, akasikiliza.

"Bado?"

"Bado, Mzee. Karibu."

"Wananiuliza."

"Waambie karibu."

Majirani zake walikuwa wanabeba mpunga kichwani tena, na wengine walikuwa wamerudi kulima kamba moja, kipande kidogo cha kula tu. Yule mwenye kofia ya sufu hakumsalimu tena Masanja. Kabula aliniambia hayo. Baba yake asingesema. Alisema pia kwamba baba yake anakaa peke yake kwenye vikao, na kwamba kama magurudumu yasipofika masika hii watu hawatamsikiliza tena kwa jambo lolote, hata la maji, hata la mpaka. Mhamiaji anaishi kwa neno lake. Hana kaburi la babu pale la kumtetea.

Tulibakiza wiki chache. Chaula alikuwa ameshakuja na patasi zake, Asajile ameshafika na pete. Ndipo likaja lori na watu wapole kabisa. Wakati ule watu walikuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vipya, na katika kijiji kimoja kipya walikuwa wamejenga kuta za zahanati lakini hawana paa. Wagonjwa walikuwa wamelala ndani ya kuta zisizo na kitu juu, na mawingu yalikuwa yanajikusanya. Mbao kavu pekee katika eneo lote lile zilikuwa zangu. Walikuwa na barua, na barua ilikuwa halali.

Nilisimama mbele ya mlundo. Nikawaambia kazi ya mbao zile. Mkubwa wao, kijana wa rika langu, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu yangu, nakuelewa," akasema. "Sasa niambie wewe: nikamwambie mama mjamzito alale kwenye mvua ili wewe uchonge gurudumu?"

Mnieleze nyie mngemjibu nini. Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta jibu. Nilisogea. Nikawasaidia kupakia, kwa sababu walikuwa wanazivuta vibaya na kuzivunja kingo. Asajile alikaa juu ya rundo la pete zake akatazama barabara. Chaula akakusanya patasi moja moja akazifunga kwenye gunia.

"Zimekauka vizuri," aliniambia. Halafu akasema, "Paa lile halitapinda." Na halikupinda, nimelipita mara nyingi.

Tulijaribu kupanga mlundo mwingine. Lakini wakati huo wakubwa wa pande zote mbili walikuwa wamechoka na vikao. Ikaamuliwa kwamba kila mkoa utengeneze mikokoteni yake yote wenyewe, ili kuondoa usumbufu. Kwa hiyo Nyololo tukabaki na mti bila chuma, na Mbeya wakabaki na chuma bila mti. Sisi tukatengeneza vitanda na madawati, na majeneza. Mbeya wakatengeneza matoroli na mageti. Mikokoteni haikutengenezwa na mtu. Vibanda vya Igawa vilivyofunguliwa kwa ajili ya mpunga vikafungwa kimoja kimoja, cha mwisho kikiwa cha mama wa wali na maharage. Bwana Mlowe alihamishiwa mkoa mwingine. Mzee Asajile alikuja Nyololo kumzika Chaula, kifua kilipomshinda. Alisimama kaburini akatafuta tusi la kumwagia kama kawaida yao, likakosekana, akalia kama mtoto mbele ya watu wote. Naye hakukaa sana, akamfuata.

Mimi nikaendelea. Wadogo zangu walisoma, wakaoa, wakaolewa. Watu wananiambia kwamba hayo ni mafanikio. Ni kweli, na nashukuru, lakini hayo nilikuwa nimeyaahidi kwa watu wa nyumba yangu. Ahadi niliyoitoa nje ya nyumba ilikaa palepale.

Nilipopata uwezo, baada ya miaka mingi, nilinunua maksai mwekundu kwenye mnada, nikashuka naye Usangu kwa miguu, maana hakuna dereva aliyekubali kumpakia. Masanja alikuwa ameshafariki. Nilimkuta Kabula, mama mwenye watoto wakubwa. Alimzunguka yule ng'ombe, akamkagua meno, akampiga kofi mgongoni.

"Si mbaya," akasema. "Mabula alikuwa na shingo."

"Najua, dada."

"Baba alisema mtakuja. Watu walikuwa wanamcheka. Alisema, yule kijana ataleta." Akamfunga maksai kwenye mti. Akanipa maziwa, akakaa kando yangu, tukaongea habari za watoto. Nilipoinuka kuaga akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na magurudumu je?"

Nikamwambia wakati wa magurudumu ya mti umepita, siku hizi kuna ya matairi, nimemwona hata yeye anao mkokoteni wa matairi pale uani.

"Huo ni wangu," akasema. "Nauliza ya baba."

Nilirudi Nyololo nikaanza kukausha mkaratusi darini, juu ya moto wa jikoni, ukauke kama wa bondeni. Kabla haujawa tayari, wafugaji waliondolewa bondeni na mifugo yao, wakasambaa, wengine Rufiji, wengine Lindi, wengine hakuna ajuaye. Nimeuliza kwa madereva na wanunuzi wa ng'ombe. Wanamfahamu Kabula huyu, Kabula yule, wote si yeye. Magurudumu mawili yako tayari kwenye banda langu, mti mkavu, pete imekaza. Anayestahili kuyapokea sijampata, na yule aliyeahidiwa amelala Usangu miongoni mwa watu walioacha kumsalimu. Deni halijalipwa.